Mbwa alale kitandani au chini? Kuna chandarua, kupe na mtoto wa miaka minne

Mpangaji_wa_Tabata

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaojua mbwa. Matani nayajua ("mbwa kitandani tena!"), mnaweza kuyaweka mwishoni.

Mbwa ni jike, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, miezi saba, kilo 14. Nyumba ya kupanga Tabata, ua mmoja na wapangaji wengine wawili. Kitanda ni tano kwa sita, chandarua cha duara cha kuning'iniza, sakafu ya vigae. Mtoto wa miaka minne huamka usiku na kuhamia kwetu. Chanjo ya kichaa alipata akiwa na miezi mitatu. Dawa ya minyoo mara ya mwisho ni miezi minne iliyopita. Kupe wapo ila si wengi, wawili watatu kwa wiki, na anaogeshwa kwa dawa ya ng'ombe. Kiroboto sijaona. Anakula ugali wa dagaa na masalia ya buchani.

Kwa wiki tatu sasa analala miguuni kwetu. Je, kiafya kuna tatizo? Ni kweli kwamba atajiona mkubwa wa nyumba? Na kama jibu ni hapana, anatolewaje bila kulia usiku kucha na kuwaamsha majirani? Jambo la pili: dada anayetufulia ni Mwislamu na ameanza kusita kuyashika mashuka.

Kibano

Mkuu, anza na kupe. Mengine yanaweza kusubiri.

Kupe wawili watatu kwa wiki kwa mbwa anayelala ndani si "wachache". Kwa mbwa wa mjini mara nyingi huyo ni kupe wa kahawia, Rhipicephalus sanguineus, na huyu ni kupe wa nyumba. Hahitaji majani wala ng'ombe. Hunyonya mara tatu katika maisha yake: akiwa kitoto cha miguu sita, akiwa kijana, na akiwa mkubwa. Kila akishiba hushuka, na hushukia pale mbwa anapolala. Jike aliyeshiba hutafuta ufa, hutaga mayai elfu moja, mbili au zaidi kwa mkupuo mmoja, kisha hufa. Kwa joto la Dar mzunguko huo haukatiki mwaka mzima. Kwa hiyo mbwa akilala kitandani, kitanda ndicho kinachogeuka kuwa zizi lake.

Leo usiku chukua tochi. Kagua mishono ya godoro, matundu ya skrubu na maungio ya chaga, nyuma ya fremu ya mlango, na mikunjo ya juu ya pazia. Usikague chini tu, kupe huyu hupenda kupanda ukuta. Ukiona vidoto vya kahawia vyenye ukubwa wa mbegu ya mchicha vinatembea, hao ndio watoto wake.

Kuhusu dawa ya ng'ombe, soma chupa kwanza, maana "dawa ya ng'ombe" si dawa moja. Kama ni amitrazi ya asilimia 12.5, kipimo cha kuogeshea ng'ombe ni mililita 2 kwa lita moja ya maji, yaani mililita 20 kwa ndoo ya lita 10. Kosa la kawaida ni kupima kwa kifuniko, au kumimina "mpaka maji yawe meupe". Maji huwa meupe hata kwa tone chache, rangi si kipimo. Tumia bomba la sindano la plastiki. Mbwa aliyezidishiwa husinzia, huyumba, hutapika, mapigo ya moyo hushuka na mwili hupoa. Watoto wa mbwa chini ya miezi minne na mbwa wenye kisukari wasiogeshwe nayo kabisa.

Hapa ndipo panapogusa swali lako. Dawa hiyo haisuuzwi, hukaa kwenye manyoya kwa makusudi. Mbwa aliyeogeshwa saa kumi jioni akalala na mtoto saa tatu usiku amempaka mtoto dawa ya kupe. Na kama chupa ni sipermethrini na nyumbani kuna paka anayelala kitanda hicho hicho, usithubutu. Dawa za jamii hiyo zinaweza kumuua paka.

Kwa mbwa wa ndani, tiba inayofaa ni vidonge vya kumeza vya jamii ya afoksolana au fluralana. Kupe akiuma anakufa, na juu ya manyoya hamna kitu cha kumpaka mtoto. Kimoja hufanya kazi mwezi, kingine zaidi, fuata karatasi iliyomo ndani ya boksi. Kipimo ni kwa uzito, kwa hiyo mpime upya kila safari, wa miezi saba bado anakua. Mwenye historia ya kifafa aonwe na daktari wa mifugo kwanza. Usikatishe kabla ya miezi mitatu mfululizo, kwa sababu kidonge hakiwaui waliomo ukutani. Kazi yake ni kumfanya mbwa awe mtego: kila anayeshuka ukutani kuja kula, hakuti siku ya pili.

Sindano ya ivamektini ya ng'ombe mwepuke yeyote anayekushauri. Kwa kupe huyu haina nguvu ya kutegemewa. Isitoshe, wamo mbwa wa jamii ya Collie, na baadhi ya German Shepherd, ambao kwa maumbile yao dawa hiyo huwapanda ubongoni.

Kuwang'oa: kibano, shika kupe karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, tumbukiza kwenye spiriti. Usimmwagie mafuta ya taa wala usimchome na kiberiti, na usimpasue kwa kucha. Ukiona mbwa ana homa, fizi nyeupe, damu puani au madoa mekundu tumboni, hiyo inaweza kuwa homa ya kupe. Mpeleke siku hiyo hiyo apimwe damu.

Mzee_wa_Kimara

Mambo ya kizungu haya. Mbwa kazi yake getini. Akilala ndani nani atabweka?

Tano_kwa_Sita

Mzee hoja yako ina uzito kuliko ulivyokusudia, nitairudia. Lakini nashangaa hakuna aliyetaja chandarua, na hapa Dar hicho ndicho kinachoamua kesi.

Chandarua kinafanya kazi kikiwa kimechomekwa chini ya godoro pande zote. Mbwa hajui kuchomeka. Saa nane usiku anasikia joto, anashuka, anaacha pengo la upana wa kichwa chake. Mbu wa malaria huuma hasa usiku wa manane, mkiwa mmelala fofofo, na huyo ameshafunguliwa mlango. Anaporudi, kucha zinanasa kwenye nyuzi. Tundu la kupitisha kidole gumba linatosha kabisa, na matundu ya kucha hukaa usawa wa godoro, pale pale mikono na miguu yenu inapogusa wavu. Tena chandarua chenye dawa si cha mbwa kutafuna, na wa miezi saba bado hutafuna kila kinachoning'inia.

Anayesisitiza mbwa alale kitandani aachane na chandarua cha duara. Afunge cha pembe nne kilicho kipana kuliko kitanda, akishushe hadi sakafuni na kukunja pindo chini ya mkeka mzito au kulibana kwa mifuko myembamba ya mchanga, mbwa na kitanda vyote vikiwa ndani. Hapo atashuka na kupanda bila kufungua kitu. Gharama yake ni joto. Mwili wa mbwa una nyuzi 38.3 hadi 39.2, wako 37 au chini yake. Januari umeme umekatika, feni imesimama, mko watatu na mbwa ndani ya wavu mmoja juu ya godoro la sponji: hamtalala. Ndiyo maana mbwa wengi wakiachiwa wachague wenyewe miezi hiyo hulala kwenye vigae, tumbo chini.

Sasa hoja ya Mzee. Mbwa anayelala chumbani husikia hatua za ukumbini na dirishani vizuri tu, ila tukio la getini atalichelewa. Kwa hiyo Mpangaji aamue mbwa huyu ni wa nini. Usimlaze kitandani hadi afikishe mwaka na nusu kisha umtupe uani ukitegemea awe mlinzi. Atakachofanya ni kukwaruza mlango.

Mama_Shuka_Chini

Nijibu la tabia. La kwamba mbwa akilala kitandani anajiona mkubwa wa nyumba, hilo tuliache. Kitanda hakimpi cheo. Kinachotokea kwa baadhi yao ni kukilinda kitanda, kama wengine wanavyolinda bakuli. Dalili huja kwa mpangilio: kwanza anakakamaa unapomsogelea, anageuza macho hadi weupe uonekane, anainua mdomo, ananguruma, ndipo anauma. Akinguruma usimpige. Ukimfundisha asingurume umeondoa king'ora, moto umeuacha.

Ila kwa mtoto wa miaka minne sina "labda". Hapana. Mtoto anahamia kitandani gizani, anamkanyaga au anamlalia mbwa aliye usingizini, na mbwa aliyeshtuka huuma kabla hajatambua ni nani. Mtoto akilala, uso wake uko usawa wa meno. Hili halihusiani na upole wa mbwa.

Kumtoa ni kazi ya siku kumi hadi wiki mbili. Mchana, kabla ya kugusa usiku, fundisha neno moja, "shuka". Mbwa akiwa kitandani, onyesha kipande cha dagaa, kitupe sakafuni, sema "shuka" anapoanza kuruka. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Siku ya tatu sema neno kwanza, mkono uwe mtupu, dagaa aje baada ya miguu minne kugusa chini. Usimsukume kwa mikono na usimvute kwa ukosi, hapo ndipo wengi wanapofundisha kunguruma bila kujua.

Halafu weka kigodoro chake sakafuni, ubavuni mwa kitanda upande wako, ili mkono ukining'inia umfikie. Ndani yake tia fulana uliyoivaa, isifuliwe. Usiku wa kwanza hadi wa tatu kigodoro kigusane na kitanda. Akipanda, "shuka", kimya, bila taa, bila kugombeza, hata kama ni mara ishirini. Usiku wa nne kisogeze hatua moja, na kila usiku wa pili hatua nyingine, mpaka kifike unapotaka. Akilia ukamjibu dakika ya kwanza ni sawa. Ukimwachia akalia dakika arobaini halafu ukampandisha, umemfundisha kwamba bei ya kitanda ni dakika arobaini. Majirani watakuambia.

Atembezwe dakika 30 kabla ya saa tatu usiku, akojoe mara ya mwisho mkienda kulala.

Na yule atakayesema leo chini, kesho juu kwa sababu mvua inanyesha: basi mwache juu moja kwa moja. Kuyumba ndiko kunakomchanganya.

Kibano

Nimerudi kwa ajili ya minyoo, maana hayo masalia ya buchani yamenikaa kichwani.

Watu husema manyoya ya mbwa yakimezwa huota uvimbe mapafuni. Si manyoya, ni mayai ya tegu mdogo sana wa mbwa yaliyonata kwenye manyoya. Mbwa humpata kwa kula mbichi ini au pafu la mbuzi, kondoo au ng'ombe lenye malengelenge. Mayai yake yana nguvu ya kuambukiza yakiwa mabichi, hayasubiri udongo, na mtoto akiyameza uvimbe hukua ini au mapafu kwa miaka kimyakimya. Kwa hiyo masalia chemsha, maji yatokote dakika 30. Huo ni ulinzi mkubwa kuliko kufua mashuka kila siku.

Tegu mwingine huletwa na kiroboto. Ukiona shukani punje kama za mchele zinazojikunja, zikikauka zikawa kama ufuta, ndiye huyo. Mtu humpata kwa kumeza kiroboto, na kwa mtu mzima ni nadra. Watoto ndio wahanga. Safura ya mbwa, ile inayochora mstari unaowasha chini ya ngozi, hutoka kwenye mchanga wenye unyevu, ufukweni au uani. Hapo kitanda hakina kosa. Minyoo mviringo nayo, mayai yake yanahitaji wiki mbili au zaidi udongoni kabla ya kuambukiza. Okota kinyesi uani kila siku na umeshinda nusu ya vita.

Dawa: vidonge vya mchanganyiko wa prazikwanteli miligramu 50, pairanteli 144 na febanteli 150 ni kimoja kwa kilo 10. Kilo 14 apewe kimoja na nusu. Miezi minne ni mingi. Kwa kawaida ni kila miezi mitatu, na anayelala chumba kimoja na mtoto mdogo, kila mwezi.

Kichaa: chanjo ya miezi mitatu irudiwe mwaka mmoja baadaye, kisha kila mwaka, muulize afisa mifugo wa kata. Mbwa akibadilika ghafla, akidondosha udenda na taya kulegea, usimfungue kinywa ukidhani amekwamwa na mfupa. Wengi hujiambukiza hapo. Ameuma au amelamba kidonda: maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali.

Mwisho, mwenye selimundu au aliyetolewa wengu asilambwe na mbwa penye kidonda na asilale naye. Kuna bakteria wa kawaida wa mate ya mbwa ambao mtu mwenye wengu mzima huwazima bila kujua, lakini yeye wanaweza kumuua kwa siku chache. Kwa mji wenye watoto wengi wa selimundu kama huu, hili lingepaswa kuandikwa kwenye kadi ya chanjo ya mbwa.

Bint_wa_Ilala

Kuhusu dada. Wengi wa Waislamu wa pwani hii ni Shafi, na kwa Shafi mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa naye kikiwa na majimaji huoshwa mara saba, moja kwa maji yenye udongo. Kavu kwa kavu haihamishi najisi, lakini mate, jasho la mlalaji na pua ya mbwa si kavu, kwa hiyo shuka la kitandani kwake lina shaka. Hasiti kwa dharau wala uvivu. Nguo hizo zikigusa maji ya beseni lake, zimegusa na nguo zake za kuswalia. Wamaliki wanaona tofauti, ila huwezi kumhamisha mtu madhehebu kwa sababu ya shuka.

Suluhu ni rahisi: mashuka na kifuniko cha mbwa viwe na ndoo yao na kamba yao ya kuanikia, na mfue ninyi wenyewe. Kwanza yakung'utwe nje, sio ndani, kisha yalowekwe kwenye maji ya moto ya jikoni (nyuzi 60 zinaua viroboto na mayai yao), yaanikwe jua la mchana, yapigwe pasi mishononi. Mara moja kwa wiki.

Tano_kwa_Sita

Kwa Mzee na "mambo ya kizungu": hata huko jibu si moja. Watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya watu 40 waliovaa vipimo vya usingizi usiku saba, na mbwa wao wakavishwa pia. Mbwa akiwa chumbani ila si kitandani, watu walikuwa usingizini asilimia 83 ya muda waliokuwa kitandani. Akiwa kitandani, asilimia 80. Tofauti si kubwa, na hao hawakuwa Tabata mwezi wa Januari.

Mpangaji_wa_Tabata

Nimekagua kwa tochi. Kupe wapo kwenye maungio ya chaga na nyuma ya fremu ya mlango. Chupa ni amitrazi ya 12.5 na tulikuwa tunapima kwa kifuniko. Uamuzi: anashuka chini leo. Kigodoro nikitengeneze vipi, na chaga zenyewe nifanyeje?

Mama_Shuka_Chini

Mpime akiwa amelala kwa ubavu, pua hadi shina la mkia, ongeza sentimita 20. Kwa huyu wako nadhani sentimita 100 kwa 70, lakini atakua, kata 110 kwa 80. Sponji ngumu ya inchi 3, waulize mafundi wa makochi, huwa wanauza vipande. Ile laini itabonyea ndani ya mwezi na atarudi kwako. Ifunge kwanza kwa nailoni nene ili mkojo usiingie, juu yake kifuniko cha turubai chenye zipu upande mmoja. Shona viwili, kimoja kifuliwe kingine kitumike. Usiweke nakshi wala vifungo, atavila. Kucha kata ncha tu kila wiki mbili. Nyeusi hazionyeshi mshipa, kwa hiyo kata vipande vyembamba na usimame ukiona kidoto cheusi katikati.

Kibano

Chaga toa nje zote. Mimina maji yanayochemka kwenye matundu ya skrubu, anika juani, kisha ziba nyufa kwa lipu ya mbao kabla ya kurudisha. Fremu ya mlango kwaruza kwa bisibisi ukitandika gazeti lenye maji ya sabuni chini, kisha ziba pengo la ukutani kwa saruji nyeupe. Amitrazi usipulize chumbani wala kwenye godoro. Kidonge anza kesho, na kama ameogeshwa wiki hii mwambie daktari kabla ya kumpa. Utaendelea kuwaona wiki kadhaa, wengi wakiwa wakavu au hawasogei. Akionekana mmoja mnene wa kijivu kama punje ya mbaazi baada ya hapo, ama kidonge kilitapikwa, ama mbwa wa mpangaji mwenzako hajapewa chake.